Robert Vesco, miaka 34 ya ukimbizi

Jioni, saa wale wa kazi ya muchana wanarudia nyumbani na wale wa usiku wanajitayarisha kutoka, mazungumzo mu kartie zetu hayakosi neno moja. Mutu anaanza: "Ule mukubwa alikimbia na feza ya watu, sasa iko anakula raha ku Bulaya." Mwingine anaitika: "Yee iko anakula raha, siye tunabakia na mavumbi." Wengine wanacheka, wengine wananyamaza. Na vijana wanaosikiliza pembeni wanaweka mu kichwa fundisho moja: ukiiba kidogo unaingia buloko, ukiiba mingi unapanda ndeke.

Fundisho hilo tulitaka kulipima. Kwa hiyo tulitafuta maisha ya mutu mumoja aliyekimbia kwao akishitakiwa kwamba alipora mamilioni ya dolari, kisha akashitakiwa tena biashara ya kokaini, na akaishi inje ya inchi yake miaka 34, mpaka kufa. Jina lake Robert Lee Vesco, Mumarekani. Leta ya kwao, pamoja na nguvu zake zote, haikufika kumukamata hata siku moja. Kama kukimbia na feza ni raha, basi huyu njo alipaswa kuiona raha hiyo. Tumufuate mulango kwa mulango.

Mutoto wa mufanyakazi

Vesco alizaliwa tarehe 4 Desemba 1935 mu Detroit, muji wa usine za motokari ku kaskazini ya Marekani. Baba yake alikuwa mufanyakazi wa usine hizo. Wasomaji wetu wanajua nyumba ya namna hiyo: maisha yanafuata saa za kazi ya baba, na lipa ya mwisho wa mwezi inahesabiwa mezani mbele haijafika. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya mutoto wa tajiri asiyejua uzito wa feza. Alijua vizuri mufanyakazi anaipata namna gani.

Masomo ya sekondari hakumaliza. Lakini alikuwa na kichwa cha hesabu na kinywa cha kushawishi watu. Mu miaka ya 1960 alianza kununua tukampuni tudogo tudogo tulionyongea, na alitununua kwa mukopo. Akishika kampuni moja, mali yake anaiweka rehani juu ya kupata mukopo mwingine, na mukopo huo unanunua kampuni ingine. Hivi njo alijenga kampuni kubwa mu jimbo la New Jersey, iliyoitwa International Controls Corporation. Mbele hajafika miaka 35, watu walikuwa wanamuhesabu kati ya matajiri.

Mpaka hapo, hakuna neno la kumufungia mutu. Kununua kwa mukopo si wizi. Mambo yaligeuka wakati alifika karibu na akiba ya watu wengine.

Akiba ya watu wadogo

Ku Genève, mu inchi ya Uswisi, kulikuwa kampuni moja iliyoitwa Investors Overseas Services; watu waliiita kwa ufupi IOS. Mwanzilishi wake alikuwa Bernard Cornfeld. Kazi ya IOS ilikuwa kukusanya akiba. Wauzaji wake walizunguka nyumba kwa nyumba, na wa kwanza kufuatwa walikuwa askari Wamarekani waliokaa mu kambi za Ulaya, mbali na kwao. Maneno yao yalikuwa matamu: leta kidogo kila mwezi, tutachanganya feza yako na ya wengine, tutanunua hisa za makampuni makubwa, bei ikipanda utapata faida kama tajiri.

Tunaweza kusema ilikuwa likelemba kubwa, lakini na tofauti moja. Mu likelemba ya kartie, unajua sura ya yule anayeshika feza, unajua na mulango wa nyumba yake. Mu IOS, muuzaji alikuwa mu inchi moja, karatasi ziliandikwa mu inchi ya pili, na feza ililala mu inchi ya tatu, ili kodi na macho ya Leta visiifikie. Siku ya mashaka, mwenye akiba hakujua abishe hodi kwa nani.

Siku hiyo ilifika mu 1970. Bei ya hisa ilianguka, watu wakashituka, kila mumoja akataka feza yake. Wazee wetu walioishi Zaïre ya 1991 na michezo ya feza ya Bindo wanaikumbuka siku ya namna hii. Hayakuwa mambo sawasawa, maana hapa hisa zilikuwa kweli. Lakini woga wa watu mbele ya dirisha lililofungwa ni ule ule.

Kati ya woga huo njo Vesco aliingia, sawa muokozi. Alileta mukopo wa dolari milioni 5, na kwa mukopo huo alipata mulango wa kuingilia. Nyuma ya miezi, yeye njo alikuwa mukubwa wa nyumba, na Cornfeld alikuwa inje. Mwezi wa Novemba 1972, ofisi ya Leta ya Marekani inayochunga masoko ya hisa ilimushitaki yeye pamoja na wenzake wengi. Ilisema kwamba waliuza hisa nzuri zilizonunuliwa na akiba ya watu, na wakahamisha dolari milioni 224 ku banki na ku makampuni ya inchi mbalimbali ambamo wao wenyewe walikuwa na mukono.

Tuangalie namna mambo hayo yalifanyika. Hakuna mutu aliyevunja kofuli. Hakuna aliyeshika bunduki. Ilikuwa paka sahihi ku karatasi: hii inauzwa, hii inahamishwa, hii inaandikwa ku jina lingine. Wizi wa namna hii hausikiki usiku. Mwenye akiba analala vizuri, na asubui anaamuka masikini.

Ndeke ya 1973

Vesco alijaribu kwanza kufunga mambo kwa njia ya wakubwa. Mu 1972, wakati wa uchaguzi, alipeleka dolari 200 000 mukononi, bila sheki, kwa kamati iliyokuwa inatafutia Raisi Richard Nixon kura. Mutoto wa ndugu ya Nixon alikuwa anamufanyia Vesco kazi. Feza hiyo ilipojulikana, watu wawili wakubwa waliowahi kuwa waministri wa Nixon, John Mitchell na Maurice Stans, walipelekwa mbele ya tribinali. Mu 1974 tribinali iliwaachilia, haikuwaona na kosa.

Lakini Vesco hakungojea mwisho wa shauri. Mwezi wa Februari 1973 alipanda ndeke, akaenda Costa Rica, inchi ndogo ya Amerika ya kati. Alikuwa na miaka 37. Alikuwa na bibi na watoto wane, na Boeing 707 yake mwenyewe iliyotengenezwa ndani na chumba cha mvuke na nafasi ya kucheza dansi. Vijana wa kartie wangesema: huyu alifaulu.

Mulango wa kwanza: Costa Rica

Mukubwa wa Costa Rica siku zile alikuwa Raisi José Figueres. Dolari zaidi ya milioni 2 za upande wa Vesco ziliingia mu kampuni moja ya mashamba na usine ambayo Figueres mwenyewe aliianzisha. Marekani iliomba Vesco arudishwe. Tribinali ya Costa Rica ilikataa. Marekani ilijaribu tena ku Bahamas, kule pia tribinali ilikataa. Kisha mu Costa Rica sheria ya kurudisha washitakiwa ilibadilishwa, ikawa nguvu zaidi kumutosha mutu wa namna yake. Watu wa inchi waliipa sheria hiyo jina lake: sheria ya Vesco.

Hapa njo tunaona bei ya kwanza ya ukimbizi. Mutu wa kawaida anakaa mu inchi yake bila kulipa mutu juu ya kukaa. Vesco alipaswa kuwa na raisi rafiki. Alipaswa kuwa na ukuta mukubwa na walinzi wenye silaha. Alipaswa kusikiliza radio kila wakati wa uchaguzi, kujua kama rafiki atabakia. Ku magazeti na ku baraza la wabunge walisema kila siku kwamba huyu mugeni anaharibisha jina la inchi.

Na siku ikafika. Mu uchaguzi wa 1978, Rodrigo Carazo aliahidi watu kwamba akishinda, Vesco atatoka. Alishinda. Mbele Carazo ashike kiti, Vesco alifunga mizigo, akaenda. Sheria iliyopewa jina lake ilifutwa. Feza aliyoipanda mu inchi ile kwa miaka 5 haikumununulia hata ruhusa ya kubakia mwezi mumoja zaidi.

Kutafuta kisiwa

Alikwenda Bahamas, visiwa ambako alikuwa na mali na wajuani. Huko pia urafiki ulipunguka, na mu 1981 alipaswa kutoka. Aliingia mu masua yake, akafika Antigua. Kule njo alifanya mupango unaoonyesha vizuri mateso ya mutu asiye na kwao: alitaka kushika kisiwa cha Barbuda, kisiwa kidogo chini ya serikali ya Antigua, ili akifanye inchi ya pekee, inchi ambayo hakuna mutu atakayemufukuza ndani yake. Wenyeji wa Barbuda walikuwa pale tangu mababu. Mupango haukufaulu.

Mu 1982 alirudia ku mulango wa Costa Rica, akabisha tena. Serikali mupya ya Raisi Luis Alberto Monge ilimukatalia. Alipita Nicaragua. Kisha, mwaka ule ule, alifika Kuba.

Mutu aliyetajirika mu soko la hisa akatafuta kivuli chini ya serikali ya Wakomunisti: watu wengi walishangaa. Sisi hatushangae sana. Mugonjwa hachagui kitanda. Na kweli alikuwa mugonjwa, alihitaji kutunzwa na waganga. Mu 1985 Fidel Castro mwenyewe alikubali mbele ya waandishi wa gazeti kwamba Vesco iko Kuba, akasema walimupokea juu ya ugonjwa wake, na kwamba akitaka kukaa, akae.

Mulango wa mwisho: Kuba

Mwanzo, maisha ya Havana yalikuwa mazuri. Alipata nyumba nzuri, alikuwa na masua, alichungwa. Wakati raia wa Kuba walisimama mu mulolongo na karatasi ya posho juu ya mupunga na mafuta, yeye hakukosa kitu. Kuba ilikuwa imefungiwa biashara na Marekani tangu mwanzo wa miaka ya 1960; mutu anayejua njia za feza za inje na namna ya kununua vitu bila jina kuonekana, alikuwa na mufaa kwa serikali. Wengi waliofuatilia maisha yake waliandika kwamba hiyo njo kodi ya nyumba aliyoilipa.

Wazee wanasema: mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Ku Kuba jembe la Vesco lilikuwa ujuzi wake. Na jembe likiisha makali, mugeni anabakia na nini?

Mashitaka ya kokaini

Hapa tufike ku jambo lililofanya jina lake litajwe pamoja na madawa ya kulevya. Wakati wa Bahamas, kulikuwa kisiwa kimoja kidogo kinachoitwa Norman's Cay. Tangu 1978 kijana wa Kolombia, Carlos Lehder, alikishika, akakifanya kiwanja cha ndeke zilizobeba kokaini kutoka Kolombia kwenda Marekani. Lehder alikamatwa mu 1987, akapelekwa Marekani, na mu 1988 tribinali ya Jacksonville, mu jimbo la Florida, ilimuhukumu buloko ya maisha na miaka 135 juu yake.

Mwaka uliofuata, 1989, mu Jacksonville pale pale, Vesco alishitakiwa. Maneno ya mashitaka ni haya: kwamba akiwa Kuba alisaidia kupatisha ndeke za kokaini ruhusa ya kupita mu anga ya Kuba bila kusumbuliwa. Mwaka ule ule Kuba yenyewe ilifanya shauri kubwa la madawa: jenerali Arnaldo Ochoa na maofisa wengine watatu walipigwa risasi mwezi wa Julai 1989. Vesco hakuwa kati ya walioshitakiwa mu shauri lile.

Hapa tunapaswa kuandika kwa uangalifu. Vesco hakusimama hata siku moja mbele ya tribinali juu ya kokaini. Hakukubali, hakuonyeshwa ushuhuda, hakuhukumiwa, hakusafishwa. Kwa hiyo tunaandika "alishitakiwa", hatuandiki "alifanya". Kwa mutu mwenye jina lake, hilo ni jambo kubwa. Kama alifanya, hakulipa. Kama hakufanya, alikufa na doa ambalo hakuna maji ya kulisafisha, juu ya kusafisha kulitaka arudie kule alikokimbia.

Wachimbaji wa Bolivia

Kokaini yenyewe inatoka wapi? Tunaomba wandugu wachimbaji wasikilize sana hapa, maana njia ya unga ule inapita mu nyumba ya wachimbaji wenzetu.

Mu milima ya Bolivia, kama pale Potosí, watu wanachimba tangu zaidi ya miaka 450: kwanza feza nyeupe, kisha bati. Mbele ya kushuka mu shimo, wachimbaji wanakaa pamoja, wanatafuna majani ya koka. Majani yanapunguza njaa na uchovu. Majani hayo si kokaini. Ni desturi ya mababu, kama sisi na vitu vyetu. Lakini ukiyakanyanga kwa wingi, ukayachanganya na mafuta ya taa na madawa makali ya usine, yanatosha kitu kingine, na kitu hicho njo kinauzwa kwa bei ya zahabu mu miji ya mbali.

Mu Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilianguka. Kampuni ya Leta ya Bolivia ilitosha ku kazi wachimbaji zaidi ya 20 000. Kambi zilibakia wazi. Sisi wa Katanga hatuna lazima ya kuelezwa kambi inafanana namna gani nyuma ya kazi kuisha: baba anakaa mbele ya mulango muchana, watoto wanafukuzwa ku masomo, mama anaanza kuuza vyombo. Jamaa nyingi zilishuka ku bonde la joto linaloitwa Chapare, zikalima. Chungwa lilioza mbele halijapata mun‑unuzi. Koka ilipata mun‑unuzi mulangoni.

Mulimaji alipata feza kidogo ya gunia lake. Kijana aliyekanyanga majani usiku kwa miguu, akachomwa ngozi na yale madawa, alipata kidogo zaidi. Feza kubwa ilianza kule ndeke zinaruka, na ilikaa kule zinashuka. Na wakati sheria kali ya 1988 ilifika, askari walipokuja kungoa mashamba, waliyemukuta shambani ni mulimaji. Mwenye ndeke hakuwa pale.

Hatusemi kwamba majani ya wandugu wale yalipita mu mukono wa Vesco. Hakuna aliyeonyesha hivyo. Tunasema kwamba biashara hii iko na ngazi, na walio chini ya ngazi wanafanana na sisi: wanabeba muzigo, wanapata kidogo, wanakamatwa wa kwanza. Walio juu wanatafuta raisi rafiki.

Rafiki akageuka muchungaji wa buloko

Mu miaka ya 1990 Kuba ilibadilika. Umoja wa Kisovieti uliisha, musaada ukakatika, inchi ikapata njaa. Vesco, sasa muzee karibu ya miaka 60, aliingia mu mupango mupya: dawa iliyoitwa TX, ao Trixolan, ambayo ilisemwa kwamba inasaidia wagonjwa wa kansa, wa SIDA na wa magonjwa mengine. Mutoto wa ndugu ya Nixon, yule yule wa zamani, alikuja Havana juu ya mambo hayo.

Tarehe 31 Mei 1995 polisi wa Kuba walimukamata Vesco. Serikali ilisema kwanza kwamba anazaniwa kuwa mutu wa siri wa inchi za kigeni. Marekani ilifurahi, iliomba apelekwe kwao. Kuba ilikataa. Mu Agosti 1996 tribinali ya Havana ilimuhukumu juu ya udanganyifu katika mambo ya ile dawa: miaka 13 ya buloko. Bibi aliyemuoa huko Kuba alipata miaka 9.

Msomaji aangalie vizuri. Mutu huyu alishitakiwa dolari milioni 224 za akiba ya watu: hakuhukumiwa. Alishitakiwa kokaini: hakuhukumiwa. Alihukumiwa juu ya kitu cha tatu, na yule aliyemufunga ni yule aliyemupa kivuli. Askari wa miaka ya 1960 waliopeleka akiba yao kila mwezi hawakutajwa mu shauri lile. Wao walikuwa wanangojea wasimamizi waliotafuta mabaki ya feza mu banki za inchi nyingi, mwaka nyuma ya mwaka. Swali lao, "Feza yetu ilikwenda wapi?", Vesco hakuwajibu hata siku moja mbele ya muamuzi.

Kaburi la Havana

Vesco alikufa mu Havana kwa kansa ya mapafu, tarehe 23 Novemba 2007, na miaka 71. Alizikwa ku makaburi ya Colón, mu muji ule. Leta ya Kuba haikutangaza. Magazeti ya Marekani yalipata habari ile paka mu Mei 2008, nusu mwaka nyuma ya maziko. Mutu aliyekuwa na ndeke yake mwenyewe, aliyetajwa na maraisi, alikufa na kwao hawakujua.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji na mafundisho ya rahisi. Tukisema Vesco hakula raha hata kidogo, tutasema bongo. Alikula. Kwa miaka mingi alikula kuliko sisi wote tutakavyokula. Lakini tukipima maisha yake mazima, tunaona mambo mawili ambayo yale maneno ya jioni yanasahau.

La kwanza: tangu 1973 hakulala hata usiku mumoja mu nyumba ambayo hakuna mutu anaweza kumutosha. Mu Costa Rica alikaa kwa mapenzi ya raisi. Mu Bahamas na mu Antigua, kwa mapenzi ya wakubwa. Mu Kuba, kwa mapenzi ya serikali, na siku mapenzi yaliisha, nyumba iligeuka buloko. Muchimbaji anayekaa mu nyumba ya matofali mawili‑matatu aliyoijenga mwenyewe ku Kenya ao ku Katuba iko na kitu ambacho Vesco alikitafuta mpaka akataka kununua kisiwa kizima, na hakukipata.

La pili: kukimbia kwake kuliwaibia watu mara mbili. Kwanza ile akiba, kama mashitaka ni ya kweli. Kisha jibu. Mutu akikimbia, tribinali inabakia na kiti wazi, na aliyepoteza anabakia na swali. Sisi tunajua swali la namna hiyo linakaa namna gani mu nyumba. Linazeesha watu.

Basi tuwaambie vijana nini? Tuwaambie waulize mbele ya kutoa feza: nani anaishika, iko wapi, na siku ya mashaka nitabisha ku mulango gani? Kama majibu ni ya inchi tatu mbali, feza ibakie mu likelemba. Na mutu akija na karatasi ya safari ya bure na kifurushi kidogo cha kubeba, wajue nafasi yao ku ngazi ile ni wapi: ni pale askari wanafikia kwanza.

Na kesho jioni, mutu akisema tena, "Ule mukubwa alikimbia, sasa iko anakula raha," tumuulize paka neno moja: iko anakula raha kwa nani? Na mwenye nyumba akichoka naye, ataenda wapi?